Kubadili mziki wa pikapu bila kupoteza nafasi ya kabini: mwongozo kamili kutoka mlangoni mpaka chini ya siti

Pikapu haina buti, na hilo ndo tatizo zima. Mwenye gari ndogo anatupia boksi la beesi nyuma, anafunga mlango wa buti, maisha yanaendelea. Sisi wa pikapu nyuma ya siti kuna chuma na kioo basi, na ukisema uweke kule kwenye mzigo mvua inakusubiri na sauti inabaki nje ya kabini. Kwa hiyo watu wengi wanaishia kubeba boksi kubwa juu ya siti ya nyuma, watoto wanakosa pa kukaa, na wiki ya tatu boksi linahamia stoo.

Mimi kanuni yangu ni moja tu, na mwongozo wote huu umejengwa juu yake: kila kifaa kiingie kwenye nafasi isiyo na mwenyewe. Ndani ya mlango hakuna anayekaa. Nyuma ya redio hakuna anayekaa. Chini ya siti ya nyuma kuna jeki na vumbi. Ukianza na nafasi alafu ndo ukatafuta vifaa vya kuingia humo, utapata mziki mzuri na hakuna abiria atakayejua umeweka nini wapi. Ukianza na vifaa alafu ukatafuta nafasi, utakuwa unakata viti.

Kwanza pima, na usinunue kitu hata kimoja kabla hujapima

Chukua futi ya kupimia, tochi na kipande cha kadibodi. Anza chini ya siti ya nyuma kama kabini ni ya milango minne: urefu, upana na kimo. Hapa watu wanakosea sana maana wanapima siti ikiwa tupu, wakati siti ikikaliwa na mtu mzima inabonyea. Mkalishe mtu, alafu we ingiza mkono chini uone imebaki sentimita ngapi. Hicho ndo kimo chako cha kweli, toa tena sentimita moja ya usalama.

Kwenye kabini ya milango miwili unapima nyuma ya mgongo wa siti, na unapima siti ikiwa pale unapopenda kuendeshea, sio ikiwa imesukumwa mbele mpaka goti linagusa usukani. Utakuta nafasi yenyewe ina umbo la kabari, juu nyembamba chini pana, au kinyume chake. Andika vipimo vya juu na vya chini.

Ukiwa hapo angalia vitu vinne ambavyo havitakiwi kuzibwa: jeki na spana zake, ndoano za kufungia kiti cha mtoto (kwenye pikapu nyingi ziko nyuma ya mgongo wa siti ya nyuma), nyaya na konekta zilizopita chini ya kapeti, na matundu ya kutolea hewa kwenye ukuta wa nyuma wa kabini. Hayo matundu watu hawayajui, ila ndo yanayofanya mlango ufunge vizuri vioo vikiwa juu na ndo yanayopunguza ukungu kwenye vioo. Ukibandika boksi juu yake utakuja kushangaa kwanini mlango siku hizi unataka kupigwa kwa nguvu.

Sasa kadibodi. Kata utengeneze boksi bandia la ukubwa unaofikiria, liweke pale, uendeshe nalo siku tatu nne. Kunja siti, fungua siti, toa jeki. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini hakuna kitu kimeniokolea hela kama hiki.

Redio nayo ina vipimo vyake. Tundu dogo ni milimita 180 kwa 50, tundu la mbili ni 180 kwa 100, na Toyota nyingi zina la upana wa 200 kwa hiyo redio ya 180 inahitaji vipande vya pembeni kuziba. Pima na kina, maana nyuma ya redio ndo patakaa konekta, adapta na pengine amplifaya ndogo.

Alafu mlango. Vua paneli (tafuta skrubu zilizojificha nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo, zilizobaki ni klipu, tumia kibanzi cha plastiki sio bisibisi), shusha kioo mpaka chini kabisa, alafu pima kutoka kwenye chuma pale spika inapofungwa mpaka kwenye kioo. Nasisitiza kioo kiwe CHINI. Mimi mara ya kwanza nilipima kioo kikiwa juu, nikafunga spika, nikarudisha paneli, nikajisifu, alafu nikabonyeza swichi kioo kikashuka kikagonga sumaku ya spika kwa sauti ambayo siisahau. Kilipona kwa bahati tu. Kama kina ni sentimita 6 na spika unayoitaka ina kina cha 6.8, utahitaji pete ya kuiinua walau sentimita 1.5, na hapo uangalie tena upande wa mbele, spika isije ikagusa wavu wa paneli.

Redio ya gari ibaki au itoke?

Kwenye magari ya zamani jibu ni rahisi, itoke. Kwenye magari mapya redio imeungana na kamera ya kurudi nyuma, vitufe vya usukani, wakati mwingine hata mipangilio ya gari na kiyoyozi. Hapo mimi nasema iache ilivyo, ongeza amplifaya nyuma yake.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu wati. Redio imeandikwa wati 50 mara 4, sio? Hiyo ni kilele cha sekunde, sio nguvu ya kudumu. Gari ikiwa inatembea umeme ni kama volti 14.4, na bila kifaa cha kupandisha volti ndani yake redio haiwezi kutoa zaidi ya karibu wati 25 kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), hata ingetaka. Kiuhalisia unapata 15 mpaka 22. Hii ndo sababu redio mpya peke yake, hata iwe na kioo kikubwa namna gani, haibadilishi sauti sana. Inabadilisha raha ya kutumia simu na ramani, ila nguvu ni zile zile.

Ukiibakisha redio ya gari, tafuta amplifaya inayopokea nyaya za spika moja kwa moja kama ingizo, zipo nyingi siku hizi na zinawaka zenyewe zikisikia sauti. Kama amplifaya yako inapokea RCA tu (zile waya za sauti zenye kichwa cha duara cha kuchomeka), unahitaji kigeuzi kidogo cha katikati kinachoshusha sauti ya spika kuwa ya RCA. Tatizo ni kwamba redio nyingi za kiwandani zinakata beesi kadri unavyopandisha volyumu ili kulinda zile spika za karatasi. Kwa hiyo ukiona mziki una beesi nzuri volyumu ikiwa chini na ukipandisha beesi inapotea, usilaumu sabwufa (spika ya beesi). Hapo dawa ni kichakataji cha sauti cha kidijitali, kile kiboksi kidogo cha DSP, kinachoweza kunyoosha ile sauti iliyokatwa. Kuna amplifaya zenye DSP ndani kabisa, na kwa pikapu hizo ndo zangu maana ni kifaa kimoja badala ya viwili.

Ukiitoa, nunua fremu ya gari lako na adapta ya waya ya gari lako. Usikate konekta ya gari, tafadhali, hata fundi akikwambia ni dakika mbili. Unganisha adapta na waya za redio mpya mezani, umekaa umetulia, alafu kwenye gari ni kuchomeka tu. Rangi za waya kwenye redio nyingi za dukani ni hizi: njano umeme wa muda wote, nyekundu umeme wa swichi, nyeusi ni hasi, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuwashia amplifaya, nyeupe spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi kwenye kila jozi ndo hasi ya spika. Rangi za upande wa gari ni habari nyingine kabisa, pima kwa multimita.

Kabla hujagusa chochote kwenye dashibodi au chini ya siti za mbele, toa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kwa ajili ya mifuko ya hewa. Konekta za njano ni za mifuko ya hewa, usizipime, usizikate, usiunganishe chochote hapo.

Neno moja kwa wenye lori kubwa: umeme wenu ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Usichukue volti 12 kwenye betri moja. Inawasha redio vizuri tu, ila ile betri inayokamuliwa itakuwa haijai na mwenzake itachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa. Weka kipunguza volti cha 24 kwenda 12, au nunua redio ya 24 moja kwa moja. Na kwa lori, kwa vile kipunguza volti cha ampea nyingi ni kikubwa na kinachemka, mimi ningeishia kwenye redio, spika nyepesi kusukumwa na milango iliyozibwa vizuri.

Milango ya mbele, hapa ndo kila kitu kipo

Kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu, fanya milango ya mbele, achana na beesi kwanza. Watu hawaniamini mpaka wasikie. Mlango wa pikapu wa kiwandani ni kopo: chuma chembamba, matundu makubwa yamefunikwa na nailoni, spika imefungwa juu ya plastiki. Sauti ya nyuma ya spika inatoka kwenye yale matundu inakutana na ya mbele, zinauana, beesi inapotea. Unaweza ukaweka spika ya bei mbaya humo na ikalia kama redio ya mfukoni.

Fanya hivi. Toa nailoni, futa chuma kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi, maana mafuta kidogo tu na gundi haishiki. Bandika shuka za butili (raba laini inayonata) zenye alumini juu, zile za milimita 2, kwenye chuma cha nje cha mlango, mkono uingie kwenye matundu. Sio lazima ufunike kila kona, robo ya eneo ikiwa katikati ya sehemu pana inatosha kuua mlio wa kopo. Gonga kwa kidole kabla na baada: kabla inalia ngwaa, baada inalia dup. Kandamiza kwa rola mpaka ile michoro ya alumini ilale. Alafu ziba matundu makubwa ya chuma cha ndani, yale yaliyokuwa na nailoni, kwa butili hiyo hiyo juu ya kipande cha plastiki ngumu kwenye yale makubwa zaidi. Acha nafasi ya fito na nyaya za kitasa zicheze, na usizibe matundu ya chini kabisa ya mlango, hayo ni ya kutolea maji ya mvua. Mlango uliozibwa chini unajaa maji kama ndoo na kutu inaanza.

Haya yote hayajala hata milimita moja ya nafasi ya kukaa, na umeshapata beesi ambayo hukuwa nayo.

Spika sasa. Kuna za mchanganyiko, tweeta (spika ndogo ya sauti nyembamba) imekaa katikati ya koni, na kuna za kutenganishwa, tweeta inakaa juu kwenye dashibodi au kwenye pembe ya kioo cha pembeni na wufa (ile kubwa ya sauti nzito) inabaki mlangoni. Zile za kutenganishwa zinainua sauti mpaka usawa wa uso, kwenye mlango wa pikapu spika iko chini kabisa usawa wa shavu la mguu kwa hiyo tofauti unaisikia. Kama gari lako lina sehemu ya tweeta toka kiwandani, tumia hapo hapo.

Namba za kuangalia ni mbili. Wati za kudumu, zile zilizoandikwa RMS, zile nyingine kubwa zilizoandikwa kwenye boksi kwa rangi nyekundu zisahau. Na usikivu wa spika, unaandikwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza wati mara mbili, kwa hiyo spika ya 92 inayopewa wati 20 inalia sawa na ya 86 inayopewa wati 80. Umeelewa maana yake? Kama huweki amplifaya, chagua spika ya 91 au zaidi na umemaliza, nafasi iliyotumika ni sifuri. Kama unaweka amplifaya, usikivu sio ishu sana, angalia ubora na kina.

Pete ya kuinulia spika iwe ya plastiki ngumu au ya alumini. Mbao za MDF (za unga wa mbao ulioshindiliwa) mlangoni zinanyonya maji, zinavimba, baada ya misimu miwili skrubu inazunguka tu. Weka ukanda wa sponji kati ya pete na chuma, na ukanda mwingine mbele ya spika unaogusa paneli, ili sauti itoke kwenye wavu badala ya kuzurura ndani ya paneli. Kabla ya kurudisha paneli, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za kila spika kwa sekunde moja: chanya kwa chanya koni inasogea nje. Ikisogea ndani umegeuza. Fanya hivi kwa wufa tu, tweeta achana nayo, hauioni ikisogea.

Spika za nyuma? Ziache. Kama zinalia zinatosha, zipunguze volyumu ziwe za abiria wa nyuma tu.

Amplifaya ndogo na mahali pa kuificha

Zamani amplifaya ilikuwa kama tofali la kuchoma. Siku hizi amplifaya za aina inayoitwa daraja D zinabadili umeme kuwa sauti kwa ufanisi wa asilimia 80 na zaidi, zile za daraja AB ni kama 50 hadi 60, na kinachobaki ni joto. Joto kidogo maana yake chuma kidogo cha kupoozea, ndo maana unapata ya njia nne au tano (kila njia inalisha spika yake) inayolingana na kitabu. Kwa pikapu chukua ya njia tano: nne za milango na moja ya sabwufa, waya mmoja wa umeme, sehemu moja ya kufunga.

Nafasi zake kwa mpangilio wa ninavyopenda: kwenye ukuta nyuma ya mgongo wa siti ya nyuma, chini ya siti ya nyuma ikiwa imeinuliwa juu ya sakafu, chini ya siti ya mbele, na mwisho kabisa nyuma ya dashibodi kwa zile ndogo sana. Chini ya siti ya mbele panafaa ila kuna mitego: siti ikirudi nyuma reli inaweza kubana nyaya, kuna tundu la hewa ya moto ya abiria wa nyuma linaloipuliza amplifaya uso kwa uso, na viatu vya mvua vinaleta maji. Inua juu ya kipande cha ubao walau sentimita 1, usiilaze juu ya kapeti, na acha vidole viwili vya hewa juu yake. Na kabla ya kufunga skrubu yoyote kwenye sakafu chungulia upande wa chini wa gari, kuna mabomba ya breki na ya mafuta huko. Mi napenda kutumia boliti za siti zilizopo au bracket ndogo, kutoboa ni neno la mwisho.

Umeme, sehemu ya kutofanyia haraka

Hesabu ni rahisi. Tuseme amplifaya yako jumla ni wati 400 za kweli. Gawa kwa 0.8 unapata 500, gawa kwa volti 13.8 unapata kama ampea 36. Mziki haubamizi muda wote kwa hiyo wastani ni chini ya hapo, ila waya unapigiwa hesabu ya kilele. Kwa umbali wa kutoka betri mpaka nyuma ya kabini mimi naweka AWG 4 (AWG ni kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene), ambayo ni kama milimita za mraba 21, hata kama AWG 8 ya milimita 8 ingebeba. Na uwe wa shaba tupu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, kwa nje unafanana, unapitisha umeme mdogo kuliko wa shaba kwa unene ule ule na ukipata maji unaoza. Kwangua kidogo kwa kisu, ukiona mweupe ndani rudisha.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi kazi yake ni kulinda WAYA, ili waya ukichubuka ukagusa bodi usiwe hita ndani ya kapeti. Saizi yake isizidi uwezo wa waya, na kwa mfano wetu ampea 50 inatosha. Pitisha waya kwenye tundu la ukuta wa injini lenye mpira, kama unatoboa tundu jipya lazima uweke mpira, chuma kitupu kinakata waya polepole kama msumeno. Funika na bomba la plastiki lenye mikunjo, funga kwa zip tai kila shibiri, mbali na ekzosi na mbali na nyaya za usukani.

Hasi ya amplifaya iwe fupi, sentimita 45 kushuka, unene ule ule wa waya wa chanya. Tafuta boliti nzito kwenye bodi ya kabini, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, alafu paka rangi au grisi juu yake kuzuia kutu. Usitumie boliti ya mkanda wa usalama, hiyo iache na kazi yake. Sauti nyingi za ajabu kwenye mziki wa gari chanzo chake ni hasi mbovu, tutarudi huko.

Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, RCA na waya za spika upande mwingine. Zikilazimika kukutana zikatishane kama msalaba, zisitembee sambamba.

Beesi bila kuua siti

Una njia tatu.

Ya kwanza ni sabwufa ya chini ya siti yenye amplifaya yake ndani. Kimo ni kama sentimita 7 au 8, spika ya inchi 8, unaifunga kwa mikanda yake na umemaliza kwa mchana mmoja. Haitatikisa vioo. Ila itajaza kile kilichokosekana chini, na kwa mtu anayetaka tu mziki uwe na mwili ni jibu sahihi kabisa, na kwa kabini ya milango miwili mara nyingi ndo jibu pekee.

Ya pili, boksi jembamba chini ya siti ya nyuma lenye sabwufa bapa. Sabwufa bapa ya inchi 10 ina kina cha sentimita 7 mpaka 9 na nyingi zinaridhika na boksi lililofungwa la lita 8 mpaka 14 (soma karatasi ya sabwufa yako, usikisie). Hesabu ya lita ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1000, vipimo vya NDANI. Boksi la ndani 60 kwa 26 kwa 8 ni lita kama 12.5. Ukitumia mbao ya milimita 18 kwa nje linakuwa 63.6 kwa 29.6 kwa 11.6, yaani mbao peke yake imekula sentimita 3.6 za kimo, na chini ya siti sentimita 3.6 ni dunia nzima. Plaiwudi nzuri ya milimita 12 yenye mwimo mmoja ndani inakurudishia zaidi ya sentimita moja na inabaki ngumu. Ziba viungo vyote kwa silikoni, boksi lililofungwa likivuja linapuliza kama mtu anayepiga mluzi bila meno. Kama sabwufa inatazama chini, acha sentimita 3 mpaka 5 kati yake na sakafu, na weka vipande vya raba chini ya boksi.

Kwanini nasisitiza boksi la kufungwa na sio lenye tundu? Kwanza ni dogo. Pili, kabini ndogo ya pikapu inainua yenyewe beesi ya chini, kuanzia kama hezi 60 au 70 kushuka, na boksi lililofungwa linashuka taratibu kwa namna inayolingana na huko kuinuliwa. Kwa hiyo udogo wa kabini unaokupa shida kwenye nafasi unakulipa kwenye beesi.

Ya tatu ni boksi la kabari nyuma ya mgongo wa siti kwa kabini ya milango miwili, lililochongwa kufuata ule mteremko uliopima. Linalipa sana ila linataka fundi mbao mwenye mkono, na lifungwe kwa boliti kwenye bodi. Boksi la kilo 12 lisilofungwa, gari ikigonga kitu, linakuja mbele na kichwa chako kiko njiani.

Kuseti

Hapa watu wanafungua mziki wa nguvu na kuzungusha kila kitufe mpaka mwisho. Subiri. Zima beesi busti, weka ikwalaiza ya redio sifuri kote, chomoa waya za spika kwenye amplifaya. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 1000 kwa njia za milango, volyumu ya redio robo tatu. Multimita iwe kwenye volti za mkondo geu, vichokonoo kwenye tundu za spika. Volti unayoitaka ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: kwa wati 75 na omu 4 ni kipeuo cha 300, volti 17.3. Pandisha geini polepole mpaka multimita isome hapo, acha. Kwa sabwufa tumia mlio wa hezi 50, wati 250 kwa omu 2 ni kipeuo cha 500, volti 22.4. Geini sio volyumu. Ni kulinganisha amplifaya na redio, na ukiipandisha kupita hapo unaongeza mikwaruzo inayochoma tweeta.

Alafu kata masafa: milango ianzie hezi 80 kwenda juu, sabwufa iishie hezi 80 kushuka, mteremko (ukali wa kukata) wa desibeli 12 au 24. Ukiondolea spika za mlango mzigo wa beesi ya chini, zinapiga kwa nguvu zaidi bila kukoroma. Sikiliza wimbo wenye gita la beesi unaoujua, geuza kile kitufe cha fezi (kinachogeuza mwelekeo wa koni) kwenye sabwufa kati ya 0 na 180, acha pale beesi inaposikika nyingi zaidi na inatokea kama mbele yako badala ya mgongoni.

Kama una DSP, malizia na ucheleweshaji. Sauti inatembea mita kama 343 kwa sekunde, mita moja ni milisekunde 2.9 hivi. Spika ya upande wako iko sentimita 80 kutoka sikioni na ya abiria 130, tofauti ni 50, kwa hiyo cheleweshea ya upande wako milisekunde 1.5. Ghafla mwimbaji anahama kutoka kwenye goti lako anakaa katikati ya dashibodi. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye gari.

Ikileta shida

Mluzi unaopanda na kushuka na injini: kwanza kagua hasi ya amplifaya, pili kagua hasi ya redio, tatu ndo uhamishe RCA. Watu wanakimbilia kununua kichujio, kichujio kinaficha ugonjwa tu.

Amplifaya inazima ukipandisha: pima volti kwenye tundu zake mziki ukiwa juu. Kama betri inasoma 13.8 na amplifaya inasoma 11, waya au kiungo fulani kinakula hizo volti, fuata kiungo kwa kiungo, kile chenye joto ndo mwizi. Kama zote zinasoma sawa, angalia omu za spika, pengine umeunganisha chini ya kiwango amplifaya inachokubali.

Paneli ya mlango inatetema: cheza mlio wa hezi 50, panda polepole mpaka 150, mwenzako akandamize paneli sehemu moja moja. Ikinyamaza ameshika penyewe, weka sponji hapo nyuma ya klipu.

Betri asubuhi imelala: waya wa kuwashia amplifaya umeunganishwa kwenye umeme wa muda wote, uhamishie kwenye ule wa bluu na mweupe.

Baada ya kama wiki mbili za barabara mbovu vua siti tena, ukaze boliti ya hasi, kishika fyuzi na mikanda ya boksi. Kwangu kila mara nakuta moja imelegea, na karibu kila mara ni ya hasi.